Pale “May” Inapokutana na “Well”

Kiingereza kina maelfu ya vitenzi, lakini vipo tisa ambavyo havifuati kanuni za vingine, navyo ni can, could, may, might, shall, should, will, would na must. Vitenzi hivi havipokei -s ya nafsi ya tatu umoja, ndiyo maana husemwa “she can swim” na kamwe haisemwi “she cans swim”. Havitanguliwi na to. Hufuatwa na kitenzi kikuu kilicho kitupu, kisicho na to wala kiambishi chochote. Huunda swali kwa kuruka mbele ya kiima, na hukanushwa kwa kuongezewa not bila kuhitaji msaada wa do. Wanaisimu huviita vitenzi modali, kwa maana ya vitenzi visaidizi ambavyo havitaji tendo lenyewe, bali hueleza msimamo wa msemaji kuhusu tendo hilo: kama anaona linawezekana, limeruhusiwa, ni la lazima, au linatazamiwa tu kutokea. Vingine kama ought to, need na dare huhesabiwa pembezoni mwa kundi hili kwa sababu hufuata baadhi ya kanuni hizo na kuziacha nyingine.

Kwa upande mwingine kuna vielezi. Mwanafunzi hufundishwa shuleni kwamba kielezi ni neno linaloeleza jinsi, mahali, wakati au kiasi cha tendo, na maelezo hayo yanatosha kwa maneno kama slowly au yesterday. Hayatoshi kwa probably, possibly, perhaps, certainly na surely, ambayo hayaelezi tendo limefanyikaje, bali hupima uhakika wa yule anayesema. Maneno ya namna hii huitwa vielezi vya sentensi, kwa kuwa hubeba sentensi nzima wala si kitenzi peke yake. Hapo ndipo makundi haya mawili yanapokutana, kwa sababu kazi ya kupima uhakika ndiyo hiyo hiyo inayofanywa na may na must. Vitabu vingi vya sarufi huyaweka mbalimbali, sura moja kwa vitenzi modali na nyingine kwa vielezi, ilhali katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hutembea pamoja, na mara nyingi maana haimo katika neno hili wala lile bali katika muungano wao. Mwanaisimu Leo Hoye aliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kuliandikia kitabu kizima, Adverbs and Modality in English, kilichotoka mwaka 1997.

Ili muungano huo ueleweke, ni lazima kwanza kutenganisha maana mbili ambazo karibu kila kitenzi modali huzibeba. Mwanafalsafa wa Ufini, Georg Henrik von Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu mantiki ya modali, alitofautisha, pamoja na mambo mengine, lile linalohusu wajibu na ruhusa na lile linalohusu ujuzi wa mtu, yaani anachokijua au anachokikisia; wanaisimu waliomfuata wakaichukua tofauti hiyo na kuitumia kueleza lugha za kawaida. Kwa mkato, ya kwanza inaweza kuitwa maana ya wajibu na ya pili maana ya makisio. Sentensi “you must be home by six” ni ya wajibu, kwa kuwa msemaji anaamuru mtu awe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, lakini “you must be tired” si amri ya kuchoka. Ni makisio ya mtu anayeona dalili za uchovu na kuamua kwamba hapana budi mwenzake amechoka.

Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba neno lazima lina tabia kama hiyo, kwani “lazima afike mapema” ni agizo na “lazima amefika mapema” ni makisio. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili umbo la kitenzi kinachofuata, ama lile lenye -e mwishoni ama lile lenye kiambishi cha wakati, hukata shauri pale pale, wakati Kiingereza kimepoteza sehemu kubwa ya maumbo ya namna hiyo na kitenzi kikuu baada ya must kinaweza kubaki vilevile kwa maana zote mbili. “He must work at night” inaweza kumaanisha kwamba mtu huyo amepangiwa kazi za usiku, na inaweza pia kumaanisha kwamba msemaji, akiona taa ya jirani ikiwaka hadi alfajiri, anakisia kuwa jirani huyo hufanya kazi usiku.

Kielezi ndicho kinachoziba pengo hilo. Ikisemwa “he must surely work at night”, wajibu umetoweka na makisio yamebaki, kwa sababu surely ni neno la mtu anayepima dalili na kutazamia kuungwa mkono. Ikisemwa “from now on he must work at night”, makisio yametoweka, kwa kuwa hakuna anayekisia jambo kwa kulipangia tarehe ya kuanza. Jambo la kustaajabisha zaidi hutokea pale kielezi cha makisio kinapowekwa mwanzoni, kama katika “perhaps he must work at night”: kazi ya kukisia imekwisha kuchukuliwa na perhaps, kwa hiyo must inaachiwa wajibu peke yake, na sentensi nzima husomeka kwamba huenda mtu huyo analazimika kufanya kazi usiku. Kielezi, basi, si pambo linaloongezwa baada ya maana kukamilika. Ndicho kinachochagua maana ipi ya kitenzi itumike.

Palipo na makisio tupu, swali linalofuata ni la nguvu. Vitenzi modali vinaweza kupangwa kwa ngazi, might ikiwa chini, may na could juu yake kidogo, will juu zaidi, na must ikiwa ya mtu aliyefikia hitimisho; vielezi navyo vina ngazi yao, kuanzia possibly, kupitia probably, hadi certainly. Wanaisimu M. A. K. Halliday katika makala yake ya mwaka 1970, na John Lyons katika kitabu chake Semantics cha mwaka 1977, walionyesha kwamba maneno ya ngazi moja hupendana, na Lyons aliuita uhusiano huo mwafaka wa modali. “It may possibly rain”, “she will probably agree” na “they must certainly know” ni mifano yake. Ingefikiriwa kwamba maneno mawili ya uwezekano yakiwekwa pamoja uwezekano utapungua, kama sehemu inavyopungua ikizidishwa kwa sehemu, lakini sivyo: “it may possibly rain” ni makisio mamoja yaliyosemwa mara mbili, na msikilizaji hahesabu mara mbili. Maneno ya ngazi zilizo mbali hayapatani hivyo, na “it must possibly rain” humkwaza hata mzungumzaji asiyejua sarufi kwa jina.

Zipo sentensi zinazoonekana kuvunja kanuni hiyo bila kuivunja. Mtu anayesema “certainly, it may rain” hajachanganya uhakika na shaka juu ya mvua. Anakiri kwa uhakika kwamba mvua inawezekana, na aghalabu baada ya kukiri hivyo ataleta but na hoja yake halisi. Hapa kielezi na kitenzi havifanyi kazi moja kwa pamoja, bali kimoja kimekaa juu ya kingine, certainly ikiitazama may kwa nje. Ni vizuri kuukumbuka mpangilio huu wa ghorofa, kwa kuwa utarudi katika suala la ukanushi.

Muungano unaostahili kutazamwa peke yake ni ule wa may na well. Neno well likiwa peke yake ni kielezi cha namna, nalo humaanisha vizuri, lakini likikaa kati ya may, might au could na kitenzi kikuu, uzuri wote hulitoka na hubaki kipimo cha nguvu. “She may win” huacha mlango wazi kwa ushindi na ushinde kwa pamoja, ilhali “she may well win” humwambia msikilizaji kwamba zipo sababu nzuri za kutazamia ushindi huo. Kwa will haifanyi hivyo hata kidogo, na hakuna asemaye “she will well win”. Kwa can hujitokeza katika semi chache tu, kama “I can well imagine”. Ikiongezwa as, mambo hubadilika tena: “we might as well walk” haikisii chochote, bali ni ushauri wa mtu asiye na shauku, anayeona kwamba hakuna kitakachopotea wakienda kwa miguu. Mwanafunzi aliyekariri well kwa maana ya vizuri atazikosea sentensi zote tatu, na kosa hilo si la uvivu wake, kwa kuwa aliyemfundisha alimpa neno bila kumpa jirani zake.

Mahali pa kielezi ni jambo linalowatatiza wageni kuliko yote. Kanuni ya msingi ni kwamba kielezi cha sentensi hukaa mara baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza, hata vikiwa vitatu: “she will probably have been sleeping.” Katika Kiswahili, labda, pengine na huenda hupenda kutangulia, na ndiyo sababu wengi waliokulia katika lugha hii huanza kila sentensi ya Kiingereza yenye shaka kwa maybe. Sentensi za namna hiyo si kosa, lakini aya nzima ikiandikwa hivyo husomeka kama orodha ya mashaka, jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Ukanushi ukiingia, kanuni hiyo ya msingi hupinda. Husemwa “she probably won't come”, na “she won't probably come” husikika kama imetoka nje ya Kiingereza. Sababu yake ni kile ambacho wanaisimu hukiita mawanda, yaani eneo la sentensi ambalo neno fulani linalitawala. Probably haikubali kukaa chini ya utawala wa not. Ni lazima iutazame ukanushi kutoka juu, kwa kuwa jambo linalokisiwa ni kutokuja kwenyewe. Possibly haina kiburi hicho, na kwa hiyo hutoa maana mbili zilizo mbali kabisa. “He possibly can't lift it” ni shaka, kwamba huenda mtu huyo hawezi kuuinua mzigo. “He can't possibly lift it” ni ukanushi mkali usio na shaka yoyote, kwamba hakuna njia yoyote ile atakayoweza kuuinua. Neno la kupunguza uhakika limehamishwa hatua moja tu, likawa neno la kuukamilisha.

Vielezi vidogo vya mazungumzo, just, really na simply, huonyesha nguvu ya mawanda hata kwa mtu asiyependa nadharia. Muuguzi anayesema “I just can't leave her” ameshindwa kabisa kumwacha mgonjwa, na anayesema “I can't just leave her” hakukataa kuondoka, bali amekataa kuondoka hivi hivi, bila kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzake. Vivyo hivyo “I really can't say” ni mlango uliofungwa, ilhali “I can't really say” ni mlango ulioachwa nusu wazi, jibu la mtu anayejua kidogo lakini hana uhakika wa kutosha. Mwenye kujadiliana bei, mkataba au ajira kwa Kiingereza asiyeisikia tofauti hii atadhani amekataliwa wakati bado anasikilizwa, au kinyume chake.

Not yenyewe huhesabiwa na sarufi nyingi za kimapokeo kuwa kielezi, na haina utaratibu mmoja kwa vitenzi vyote. “You must not go” inakataza, kwa kuwa must imekaa juu ya not. “You need not go” inaondoa ulazima tu, kwa kuwa not ndiyo iliyo juu. “She may not come” ina maana mbili, huenda asije au haruhusiwi kuja, na msomaji wa barua hawezi kujua ipi ilikusudiwa asipoangalia maneno yaliyo jirani. Ikiongezwa well na kuwa “she may well not come”, ruhusa imeondoka na yamebaki makisio tupu.

Mtaalamu wa Italia Guglielmo Cinque alijaribu kueleza kwa nini mambo haya hupangika hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1999, Adverbs and Functional Heads, alilinganisha lugha nyingi na kudai kwamba vielezi hupangwa kwa ngazi isiyobadilika, vile vya msimamo wa msemaji vikiwa juu na vile vya namna ya tendo vikiwa chini, na kwamba kila ngazi ina mwenzake katika upande wa vitenzi na viambishi. Modali ya makisio hukaa juu, ile ya wajibu na uwezo hukaa chini. Wapo wanaisimu waliompinga wakisema kwamba mpangilio huo hutokana na maana yenyewe, wala hauhitaji kuandikwa katika sarufi, na kwa msomaji wa kawaida mabishano hayo si ya lazima. Kinachomfaa ni kuona ngazi hiyo ikifanya kazi: “clearly, he could see the ship” husema kwamba ni dhahiri aliiona meli, “he could see the ship clearly” husema kwamba aliiona vizuri, na “he could clearly see the ship”, kwa kuwa kielezi kimekaa katikati, huruhusu zote mbili.

Adabu nayo hujengwa kwa muungano huu. “Can you help me?” ni ombi la kawaida, could badala ya can hulipunguzia shinikizo, na possibly ikiingia, “could you possibly help me?”, mwombwaji amepewa nafasi ya kukataa bila aibu, kwa kuwa swali limejifanya kuuliza kama jambo hilo linawezekana hata kidogo. Kiswahili huuonyesha upole huo kwa naomba, tafadhali na namna ya kumtaja mtu, mama, mzee, ndugu, kisha ombi lenyewe likaja moja kwa moja. Pengine ndiyo sababu Kiingereza cha maofisi ya Afrika Mashariki kimeipenda sana kindly, ambayo huwekwa mbele ya kitenzi cha kuagiza na kufanya peke yake kazi ambayo Waingereza huigawa kati ya kitenzi modali na kielezi. Si kosa, ingawa mgeni kutoka London anaweza kuisikia “kindly submit your report” kama amri iliyovishwa nguo nzuri.

Mahali ambapo maneno haya hugharimu fedha na haki ni katika sheria. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, inaeleza kwamba may inapotumika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka hayo ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha, na kwamba shall humaanisha jambo ambalo ni lazima litekelezwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika matini yake ya Kiingereza, imejaa shall kwa sababu hiyo hiyo. Wahandisi wa intaneti walilazimika kufanya vivyo hivyo Machi 1997, pale waraka ulioandikwa na Scott Bradner ulipofafanua moja moja must, should na may kwa matumizi ya maelezo ya kitaalamu, ili ushauri usisomwe kama amri wala hiari isisomwe kama ushauri. Hata hivyo, ufafanuzi wa kitenzi peke yake hauzuii kielezi kuleta mambo yake. “Members may vote in person” inatoa ruhusa. “Members may only vote in person” inakataza kila njia nyingine ya kupiga kura. Na “only members may vote in person” inawafungia nje wasio wanachama. Kitenzi ni may katika zote tatu, na mwanachama aliyetegemea kupiga kura kwa posta ameipoteza haki hiyo kwa neno only.

Historia inaonyesha kwamba ujirani huu wa vitenzi modali na vielezi si wa bahati. Katika Kiingereza cha kale vitenzi modali vilikuwa vitenzi kamili: cunnan, mzazi wa can, ilimaanisha kujua; magan, mzazi wa may, kuwa na nguvu; sculan, mzazi wa shall, kudaiwa; na willan, mzazi wa will, kutaka. Kiswahili kilipita njia kama hiyo, kwani kiambishi -ta- cha wakati ujao hufuatiliwa na wanaisimu hadi kwenye kitenzi kutaka. Wakati vitenzi hivyo vya Kiingereza vikipoteza maana zao nzito na kuwa visaidizi, baadhi viliendelea hadi kuingia katika vielezi: maybe ni “it may be” iliyoganda ikawa neno moja, kama huenda ilivyozaliwa na kitenzi kuenda. Na mabadiliko hayajakoma. Mwanaisimu Geoffrey Leech, katika utafiti alioutoa mwaka 2003, alilinganisha mikusanyo ya matini za Uingereza na Marekani za mwaka 1961 na za mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila mmoja ukiwa na maneno yapatayo milioni moja, akakuta kwamba vitenzi modali kwa jumla vimepungua, huku may, must na shall vikiwa miongoni mwa vilivyoshuka sana, na nafasi ya must ikizidi kuwaniwa na have to na need to.

Kwa hali hiyo, kitabu cha shule kinachoorodhesha vitenzi tisa upande mmoja na vielezi upande mwingine kinafundisha nusu ya somo. Walimu wa Kiingereza na waandishi wa vitabu vya kiada wanaombwa waviweke pamoja, may well na may well not, can't just na just can't, can't possibly na possibly can't, kila kimoja ndani ya sentensi kamili na mbele ya mwenzake, na mwanafunzi aulizwe kila mara nani amekubali, nani amekataa, na nani anakisia tu.